Viungo vya Daraja la Ravensgill

Kila Jumamosi saa nane mchana Ellis Thwaite alipanda kilima cha Bank Street na mkoba wake wa ngozi, akagonga mlango wa Gordon Ackroyd mara mbili, akaingia bila kungoja jibu. Miaka tisa ilikuwa hivyo. Mkobani mlikuwa na lenzi ya kukuzia, kibano, tupa tatu nyembamba kama njiti za kiberiti, na pai mbili za nyama ya nguruwe kutoka sokoni.

"Chai iko wapi?"

"Mezani. Umechelewa dakika mbili."

"Kilima kimerefuka, kijana. Wamekiongeza wiki hii."

Kijana mwenyewe alikuwa na miaka sabini na nne. Ellis alimzidi mitatu tu, ila ndiye aliyemfundisha kulehemu, na hakuwa tayari kumpandisha cheo mwanafunzi wake. Gordon alikuwa ametengeneza mabasi maisha yake yote, kazi ya spana kubwa na mafuta mpaka viwikoni. Ellis alikaa miaka thelathini na minane katika kiwanda cha geji za mvuke, akiunganisha vitu vidogo ambavyo mtu wa kawaida angevivuta puani asijue.

Chumba cha nyuma cha Gordon kilikuwa na meza moja ndefu, taa mbili na daraja. Lile halisi, daraja la reli la Ravensgill, lilibomolewa na kuuzwa kama chuma chakavu wao wakiwa vijana. Wote wawili walikuwa wamelivuka utotoni, kila mmoja na wazazi wake, wakienda kuona bahari huko Morecambe, na kila mmoja alikumbuka kwamba treni ilipofika katikati mama yake alifumba macho. Sasa walikuwa wakilisimamisha upya kwa shaba ya manjano. Kila futi moja ya daraja lile ilikuwa milimita nne mezani: nguzo sita ndefu, boriti za kimia juu yake, urefu wa mita mbili na zaidi. Gordon alichora, akakata bati la shaba, akagonga ribiti moja moja kwa sindano kutoka upande wa nyuma mpaka zikatokeza mbele kama chunusi. Ellis aliunganisha. Kazi ilipokuwa nyingi Gordon naye alishika pasi ya kulehemu, lakini kwa ruhusa.

Mezani palikuwa na sheria moja, na Ellis aliirudia kama mtu anayesali: kali kwanza, laini mwisho. Lehemu zilikaa kwenye makopo matatu. Ile ya kopo jekundu haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi mia na themanini na nane, nayo ni ya mifupa ya daraja. Ya kopo la kijani huyeyuka mapema zaidi, ni ya vikorombwezo: ngazi, vyuma vya kushikia, vibao. Ya kopo jeupe huyeyuka hata kabla maji hayajachemka. Ukifuata mpangilio huo, joto la kazi ya leo haligusi kazi ya jana. Ukiugeuza, unabomoa kwa mkono wako mwenyewe.

Katika mwaka wa saba, Jumamosi moja ya Machi, Ellis aliugeuza.

Nguzo ya nne ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni ngazi ya mafundi, kitu cha urefu wa kidole. Gordon, aliyekuwa akikata bati upande wa pili wa meza, alimwona mwenzake akichukua lehemu ya kopo jekundu. Akaona mkono ukipeleka pasi kwenye nguzo na kuituliza pale, ukingoja lehemu iyeyuke, muda mrefu, mrefu kupita kiasi. Alifungua mdomo aseme kitu. Hakusema, kwa sababu huyo alikuwa Ellis. Kisha nguzo ikaanza kuachia. Vyuma vya mshazari vilidondoka kimoja kimoja juu ya kigae cha kulehemia, ting, ting, ting, kazi ya miezi mitatu, na Ellis akabaki ameishika pasi vilevile, akivitazama.

"Daraja limechoka," alisema mwishowe.

"Lina haki. Lina miaka mia na hamsini."

Wakacheka wote wawili. Gordon aliokota vipande akaviweka kwenye kisahani cha kikombe. Alipoinua uso alimkuta Ellis akiyatazama yale makopo matatu kwa zamu, jekundu, kijani, jeupe, na midomo yake ilikuwa ikicheza, anatafuta neno. Gordon aliogopa. Hakujua anaogopa nini, lakini chai yake ilimshinda siku hiyo.

Jumanne iliyofuata Noreen, mke wa Ellis, alimjia nyumbani peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa kwenye ncha ya kiti bila kuvua koti.

"Juzi alipotea," alisema. "Akitoka duka la dawa. Mita mia mbili, Gordon! Kaletwa na yule mama anayevusha watoto barabara."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari anasema kile ninachokijua tangu Krismasi." Alikuwa akizikunja na kuzikunjua glavu zake. "Anasema pia asiachishwe anachokipenda. Na anachokipenda si mimi, usinitazame hivyo, ni hilo bati lenu. Siku atakayojua hawezi tena, atakaa kitini na hatainuka. Nimeishi naye miaka hamsini na moja, namjua. Akikosea usimwambie. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Utaweza? Uso wako wewe haujui kufunga mdomo."

"Nitatazama bati."

Watu wa huku hatukumbatiani ovyo. Noreen alimgusa mkono wa sweta, akasema asante, akatoka kwenye mvua.

Ndipo zikaanza zile Jumapili. Jumamosi Ellis alilehemu. Jumapili asubuhi, kengele za kanisa zikilia na jirani akiosha gari lake, Gordon aliketi kwenye kiti kilekile cha Ellis akakagua kwa lenzi kila kiungo cha jana. Alikuta lehemu iliyoganda mabonge bila kushika, kipande kilichokaa upande, mahali palipounguzwa mpaka shaba ikageuka rangi ya waridi. Alipasha moto, akainyonya lehemu ya zamani kwa utepe wa shaba nyekundu, akasugua kwa kalamu ya nyuzi za kioo, akapaka dawa ya kulehemu, akaunganisha upya. Jumamosi Ellis alirudi, akapitisha jicho juujuu kama mtu apitishavyo jicho kwenye barua aliyoiandika mwenyewe, akasema, "Si haba kwa mzee." Gordon akatazama bati.

Mwanzoni ilikuwa huruma tupu. Tuseme ukweli juu ya Gordon, maana yeye mwenyewe alichelewa kuusema: haikubaki huruma tupu. Mkono wake ulizidi kuwa mwepesi. Viungo vyake vilitoka vyembamba, vinang'aa, bila tone la ziada. Akaanza kuingoja Jumapili na kuivumilia Jumamosi. Mara mbili tatu alijikuta akimtazama Ellis anavyohangaika na kipande, naye moyoni anasema, haya, maliza basi, nikakutengenezee. Alijisikia vibaya kwa wazo hilo, lakini halikumzuia kurudi nalo wiki iliyofuata.

Kisha nguzo ya nne, ya tano na ya sita zikasimama, safi kabisa, na kando yake nguzo ya kwanza, ya pili na ya tatu, zile ambazo Ellis alizilehemu akili yake ikiwa timamu, zikaonekana za kizamani. Hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa na mkono mwingine tu. Jumapili moja Gordon alifungua kiungo kimoja cha nguzo ya kwanza na kukifunga upya, ili zilingane. Jambo hilo likishaanza halina breki, maana ukisharekebisha kimoja, cha jirani yake kinaonekana kibaya. Ilimchukua miezi saba. Alipomaliza aliliosha daraja zima kwa maji ya vuguvugu na mswaki laini, akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama na kufurahi kwelikweli. Kilichokuja kumtesa baadaye zaidi ya yote ni hicho, kwamba alifurahi.

Maonyesho ya klabu yao ya waunda reli za mfano hufanyika kila Novemba katika ukumbi wa shule. Clive Beevers, katibu wa klabu, mtu asiyeweza kuona kitu bila kukipangia rangi, alikuwa amewaandama mwaka mzima.

"Ravensgill lilikuwa la kijivu, Ellis. Picha ninayo."

"Na mimi ninayo brashi. Uliguse daraja langu nikupake wewe hicho kijivu, kuanzia kwenye kipara."

"Lakini watu watasema halijakwisha."

"Wakisema hivyo ujue ni watu wako. Rangi ni ya kuficha kazi mbaya. Hapa hakuna cha kuficha."

Gordon, aliyekuwa amesimama hapo hapo, aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

Basi daraja lilionyeshwa shaba tupu, chini ya taa kali, na mbele yake kikadi alichokiandika Clive kwa herufi nzuri: DARAJA LA RAVENSGILL, LIMEJENGWA KWA MKONO NA E. THWAITE NA G. ACKROYD. Ellis alivaa tai. Noreen alikuwa ameifunga, akampaka na mafuta ya nywele, akaenda kusaidia kwenye meza ya chai. Watu walijazana. Wazee walisimama mikono nyuma wakahesabu ribiti, wakitafuta moja iliyokosekana wapate la kusema, hawakuiona. Ilikuwa moja ya siku nzuri za Ellis, amechangamka, anajibu, anatania. Bahati mbaya yenyewe ilikuwa hapo, kwamba siku ilikuwa nzuri.

Mwanamke mmoja mwenye daftari, mgeni kutoka klabu ya mji mwingine, alijipenyeza mbele.

"Samahani, nani kati yenu ndiye aliyelehemu?"

"Huyu hapa," Gordon alisema upesi.

"Naomba unionyeshe unavyomalizia kiungo. Vyangu huacha mabonge, mume wangu anasema vimetapika."

Ellis alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Mwambie mumeo akavilambe. Njoo, mama. Siri yote iko pale unapoondoa pasi. Subiri nikuonyeshe kimoja."

Akaweka lenzi jichoni, akainamia nguzo ya kwanza. "Hapa utaona kwamba..." Akasogea kiungo cha pili, cha tatu. Akahamia nguzo ya pili. Yule mwanamke alingoja na kalamu yake, kisha akaona haya, akashukuru kwa sauti ndogo na kuondoka. Ellis hakumwona. Alikwenda nguzo kwa nguzo mpaka ya sita, polepole, pua yake karibu iguse shaba. Kisha akarudi mwanzo, akaanza tena. Gordon alisimama nyuma yake.

"Gordon."

"Naam."

"Viungo vyangu viko wapi?"

"Si hivyo hapo, bwana. Vyote. Daraja ni letu sote..."

"Usinidanganye, kijana. Njia ya duka la dawa nimeisahau. Mkono wangu sijausahau."

Akaunyoosha mkono wenyewe, wa kushoto, akaonyesha kwenye hewa jinsi pasi inavyoondoka. Fundi anapoiondoa pasi, lehemu huacha kijimkia kidogo mno, kuelekea upande mkono unakokwenda. Ellis alitumia mkono wa kushoto tangu shuleni, hata walimu walipomchapa kwa ajili yake. Kwenye daraja lile, kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya sita, vijimkia vyote vilielekea kulia.

"Tangu lini?"

Gordon alitaka kutazama bati, lakini safari hii bati ndilo lililokuwa likimshtaki. "Tangu nguzo ya nne ilipoanguka. Miaka miwili na ushei."

"Nilikuwa naharibu."

"Ulikuwa unachoka."

"Nilikuwa naharibu, Gordon. Sema."

"Ulikuwa unaharibu."

Ellis aliitikia kwa kichwa taratibu. Hilo alilikubali. Ungemtazama ungesema hata alishukuru kulisikia kwa sauti ya mtu. Kisha akaigeukia nguzo ya kwanza, akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Na hii? Hii niliifanya mwaka wa kwanza. Nilikuwa mzima mwaka huo, nilikuwa naendesha gari mpaka Scotland. Hii nayo ilikuwa mbovu?"

Ukumbi ulikuwa na kelele, watoto wakibishana, vitreni vikizunguka, mtu akitangaza kwenye kipaza sauti gari la buluu lililoziba mlango. Gordon angeweza kujifanya hakusikia.

"Haikuwa mbovu," alisema.

"Basi?"

"Haikufanana na zingine."

Ellis hakupaza sauti. Alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti, akakichukua kile kikadi, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina lake, kwa mkono wake wa kushoto, bila kutetemeka hata chembe. Akakirudisha mahali pake. Akaenda kumtafuta Noreen kwenye meza ya chai, na Gordon akamwona akiuliza njia mara mbili ndani ya ukumbi mmoja.

Noreen alirudi peke yake kuchukua mkoba. Alikisoma kikadi. "Umemwambia nini? Anataka nimpeleke nyumbani, hasemi kitu kingine."

Gordon alimweleza, yote, na zile nguzo tatu za kwanza pia. Noreen alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake haukumtoka hata hapo, ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Nilikuomba umfichie ugonjwa, Gordon. Sikukuomba umfute."

Wiki ile Gordon hakugusa chakula cha maana. Aliandika msamaha nyuma ya mchoro wa zamani, akaufuta, akauandika tena. Alitaka kusema kwamba alijidanganya. Alitaka kusema kwamba alitamani kuwa fundi kama Ellis hata akasahau kwamba Ellis yupo. Hakutarajia kupata nafasi ya kuyasema, kwa kuwa nani angekipanda tena kilima kile baada ya jambo kama lile? Jumamosi saa nane mlango uligongwa mara mbili.

"Chai iko wapi? Kilima kimerefuka, kijana."

Aliingia na mkoba na pai, ana furaha, mvua imemlowesha kofia. Hakukumbuka ukumbi wala kikadi wala neno moja. Tuseme ukweli tena: kitu cha kwanza alichokisikia Gordon moyoni kilikuwa nafuu. Aliikunja ile karatasi ya msamaha akaitia mfukoni. Akamimina chai. Alipogeuka, Ellis alikuwa ameinama juu ya daraja, lenzi jichoni, anakwenda nguzo kwa nguzo. Tukio lilikuwa limemtoka kichwani, lakini tabia ya kukagua ilikuwa imembakia.

"Gordon," alisema. "Viungo vyangu viko wapi?"

Gordon angeweza kulifunika daraja kwa shuka. Clive alikuwa tayari kulichukua likae klabuni, na hata Noreen, aliposikia, alimwambia kwenye simu, "Lipandishe darini, kwa ajili ya Mungu, usimtese." Lilikuwa shauri la busara na Gordon alilikataa. Aliona kwamba alishadanganya miaka miwili kwa jina la wema, na kwamba kama Ellis anauliza, kuna mtu bado ndani mle anayeuliza, naye anastahili kujibiwa. Labda alikosea. Labda ilikuwa njia yake ya kujichapa. Alijibu, na alitoa karatasi yake mfukoni na kuusoma msamaha wote, na Ellis aliusikiliza, akavaa koti, akaondoka bila kugusa pai.

Jumamosi iliyofuata aliuliza upya, na iliyofuata, na kila mara lilikuwa jeraha jipya, kwa sababu kwake lilikuwa jipya. Gordon hakujua atapokea nini. Siku moja Ellis aliirusha lenzi ukutani. Siku nyingine alicheka mpaka akapaliwa: "Mjinga we! Kazi moja umeifanya mara mbili!" Wiki ya Krismasi alilia kimya kimya, na machozi yake yaliangukia juu ya kigae, na Gordon akakaa naye mpaka yakakoma. Hakuna hata mara moja aliyosema amesamehe. Kama angesema, wiki inayofuata angekuwa hajasema.

Mnamo Januari, baada ya kusikia yote, Ellis alizungusha kikombe chake.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekushikia vipande."

"Nini?"

"Kulehemu siwezi, sawa. Lakini kushika naweza. Wewe ungelehemu, mimi ningeshika. Tungekuwa tumekaa hapa wawili kama siku zote, badala ya wewe kujifungia Jumapili kama mwizi."

Gordon alikwenda jikoni. Alichemsha maji, yakachemka, akayaacha yakapoa, akayachemsha tena. Aliporudi alichukua vipande viwili vya shaba vilivyobaki, akampa Ellis kibano, akasema, "Nishikie." Ellis alishika. Mkono haukutikisika. Gordon alileta pasi, lehemu ikayeyuka na kukimbia kwenye mshono kama inavyotakiwa, na kwa robo saa nzima walifanya kazi hivyo, kipande baada ya kipande, bila kusemezana, na Gordon aliona ni robo saa bora kuliko zile Jumapili zote. Kisha Ellis alikitazama kibano mkononi mwake. "Hiki ni cha nini?" aliuliza kwa adabu.

Wiki iliyofuata Gordon alivitayarisha vipande mapema. Ellis alivishika dakika mbili, akaviweka chini, akauliza kama basi la kwenda kiwandani limeshapita.

Februari kilima kilimshinda, ikawa Noreen anamleta kwa teksi. Machi alikuja bila mkoba. Mlango aliugonga Noreen, mara moja, na Ellis akaingia akiwa ameshikwa mkono, amenyolewa vizuri, akitabasamu kwa kila kitu. Gordon alimkalisha mbele ya daraja, akamwekea lenzi ya kwake mkononi. Mkono uliitambua, ukaipeleka jichoni bila kuambiwa.

Ellis aliinama. Alikwenda nguzo kwa nguzo, polepole, mpaka ya sita. Gordon alisimama kando yake na jibu lake tayari. Lilikuwa limeshakuwa fupi baada ya kusemwa mara nyingi, na halikuwa na utetezi ndani yake tena.

"Kazi safi," alisema Ellis.

Gordon alingoja.

"Kazi safi sana hii. Mkono mmoja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Nani kafanya?"

"Tazama vizuri, Ellis."

"Natazama. Safi. Ni nani?"

Noreen alikuwa mlangoni na koti lake. Gordon alimtazama, naye akatazama sakafu. Miezi minne aliliogopa lile swali kila Jumamosi. Sasa angetoa chochote aulizwe. Angejibu hata mara ya mia. Alingoja tena kidogo, akasikia saa ya ukutani, akasikia mvua kwenye dirisha, na swali halikuja.

"Ni mimi," alisema.

"Lote hili? Peke yako?"

"Peke yangu."

Ellis aliiweka lenzi mezani. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akampigapiga Gordon begani kwa upole, jinsi mtu anavyomfariji asiyemjua.

"Pole sana, bwana," alisema. "Kazi kubwa hii kwa mtu mmoja. Ungetafuta mwenzako."